Asubuhi Tuliyomkwamisha Maalim

Nilianza kuvua samaki nikiwa na miaka hamsini na miwili, umri ambao wenzangu wengi wa Kisauni huwa wameshauza mitumbwi yao. Kwetu si watu wa majini. Babu alikuwa fundi wa milango, baba fundi wa vitanda, na mimi nimeendesha foklifti katika ghala moja huko Changamwe kwa miaka zaidi ya ishirini. Samaki nilimjua akiwa kwenye sahani. Kilichonipeleka mtoni ni presha. Daktari aliniambia nipunguze chumvi na nitafute jambo la kunituliza moyo. Jioni ile nilimkuta jirani yangu barazani kwake, nikamweleza. Akanitazama kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, kisha akasema, "Jumapili, tukishasali alfajiri, njoo na kofia."

Jirani huyo ni mwalimu wa madrasa hapa Mjambere, na sote twamwita Maalim. Ni mtu mnene, mzito wa mwendo, na mwanafunzi wake yeyote akisikia kikohozi chake hukaa wima. Lakini mpandishe kwenye mtumbwi, umpe mshipi na kamba wachache wa chambo, atakuwa mtu mwingine kabisa. Ataimba kaswida kwa sauti ya chini, atambembeleza samaki kama mgonjwa asiyetaka uji, atamtania kila apitaye.

Mwenzetu wa tatu ni fundi wa friji anayekaa Kiembeni, mtu wa bara aliyekuja pwani kutafuta kazi akaoa na kubaki. Yeye na Maalim walijuana siku friji ya msikiti ilipoharibika mwezi wa Ramadhani. Ni hodari wa kila kitu isipokuwa sarufi. Akisema "samaki imekula", Maalim hujibu bila hata kugeuza shingo, "Amekula." Fundi hucheka, na baada ya dakika tano husema vilevile.

Mahali petu ni Mwakirunge. Unapita machimbo ya mawe, unapishana na malori yaendayo jaani, halafu njia inashuka kati ya mihogo na minazi mpaka unaona maji. Ni mkono wa bahari ulioingia bara, na maji yake ni ya chumvi, lakini sisi huuita mto kwa sababu unapinda kama mto, na mtu wa ng'ambo ukimpungia atakupungia. Watu tunaokutana huko Jumapili hatuvui kwa kuuza. Yuko karani, yuko mwashi, wako vijana wawili wa gereji. Mtumbwi ukipita karibu na mwingine, lazima salamu: "Wapi?" "Kidogo kidogo." "Chambo mnacho?" Ukisema huna, utarushiwa. Mwaka wangu wa kwanza nadhani nilivulia chambo cha watu tu.

Mtumbwi tunaoutumia si wetu. Ni wa mama mmoja mkulima, mjane, tunayemwita Mama tu, ambaye shamba lake lashuka hadi ukingoni. Marehemu mumewe ndiye aliyeuchonga. Hakutaka kodi. Sharti lake lilikuwa tumletee samaki mmoja wa kitoweo, na tukikosa samaki, tumletee habari za mjini.

Jumapili ninayoisimulia, Maalim alikuwa na nikaha ya kufungisha baada ya sala ya adhuhuri. Bibi harusi alikuwa mwanafunzi wake tangu alipokuwa hajui alifu. Mtu mwingine angebaki nyumbani. Maalim alisema asubuhi ni ndefu. Akaikunja kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, akaitia kwenye kikapu cha ukili pamoja na kofia, ili akitoka mtoni aoge kwa Mama na aende moja kwa moja msikitini. Kikapu hakukiacha nyumbani kwa Mama, kwa sababu mbuzi wa pale walikuwa wameshatafuna shati la Fundi. Aliingia nacho mtumbwini.

"Leo ni bamvua," Mama alituambia, akisimama ukingoni na jembe lake. "Maji hutoka mengi, na hutoka mbio. Jua likipanda juu ya mikoko ile, rudini."

"Inshallah," akasema Maalim.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Tuliingia kwenye kijimkono chembamba kati ya mikoko, mahali ambapo maji ni meusi na yametulia. Maalim alipata chaa watatu wa kiasi cha kiganja, Fundi akapata kelea mmoja. Mimi, kama kawaida yangu, sikupata kitu. Miezi mitano nilikuwa nikienda kule, na samaki wangu mkubwa kupita wote angeweza kulala kwenye kijiko. Wenzangu hawakunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mtumbwi wa wale vijana wa gereji ulipita ukitoka. "Wazee, maji yatoka hayo!" mmoja akatupigia kelele.

Maalim akaanza kukunja mshipi wake. "Jirani, twende zetu."

"Mara moja tu, Maalim," nikasema. "Mara ya mwisho."

Nikatupa. Chubwi, ile risasi ya kuuzamisha mshipi, haikuwahi hata kufika chini. Mshipi ukavutwa kwa nguvu hadi ukanichana kidole, mtumbwi ukainama upande wangu, na Fundi akapiga yowe. Alikuwa tewa. Tewa si samaki wa kukimbia. Akishajua ameshikwa hujitia katika mizizi, hutanua mapezi, na hukaa. Ukivuta sana, mshipi unakatika. Ukilegeza, anazama zaidi.

"Msubiri," akasema Maalim, nami kwa sauti ile nikajua ameshasahau harusi. "Usimvute. Mwache adhani umekwenda."

Tukamsubiri. Tulikaa watu wazima watatu tukiutazama uzi. Sijui ilikuwa muda gani. Nilihisi akisogea kidogo, nikavuta, akarudi, nikasubiri tena. Mwishowe alitoka, mpana, mwenye madoa, kinywa wazi, urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Nilimkumbatia kifuani na miba yake yote. Maalim alinipiga bega, akasema, "Wallahi, leo umevua," nami sioni haya kusema kwamba macho yalinilowa.

Fundi ndiye aliyeinua kichwa kwanza. "Jamani," akasema, "maji imeenda."

"Yamekwenda," akasema Maalim. Kisha naye akatazama. "La haula! Yamekwenda kweli!"

Pembeni mwetu mizizi ya mikoko ilikuwa imesimama wazi, na kijimkono tulichoingilia kilikuwa mfereji wa tope unaong'aa. Mtumbwi ulikuwa umekaa kama chombo kilichowekwa kwenye rafu. Tulisukuma kwa makafi, makafi yakazama. Fundi, aliye mwembamba, akashuka ajaribu kusukuma, akaingia mpaka mapajani, na ilitubidi tumvute sisi wawili kumrudisha. Kiatu chake kimoja kiko kule hadi leo.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Maji yasingerudi kutuinua kabla ya saa nane au saa tisa.

"Mpigie simu baba wa bibi harusi," nikamwambia Maalim.

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba sheikh wake amekwama matopeni na samaki?"

Kosa lilikuwa langu, na samaki mwenyewe alikuwa miguuni pangu akipiga mkia. Maalim hakunilaumu. Alikaa na kikapu chake mapajani, akakitazama, halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka.

Fundi ndiye aliyempigia Mama. Simu iliita kidogo tu, akapokea. Tulimsikia sote. "Niliwaambia," akasema, kisha akakata.

Baada ya nusu saa tulimwona akija kupitia mikokoni, leso ameifunga kiunoni, amejitwisha mzigo wa makuti makavu. Alisimama mahali penye udongo mgumu, kama hatua thelathini kutoka tulipokuwa, akaanza kuyatandika makuti juu ya tope, moja mbele ya jingine. Alipofika mwisho wa kuti, alitandika jingine. Alikanyaga kwa wepesi, hakuzama. Alipotukaribia akasema, "Msisimame. Atakayesimama atazama. Mtambae kama watoto."

Fundi alitambaa wa kwanza na samaki wote kwenye ndoo, kwa sababu Mama alisema kitoweo hakiachwi. Nikafuata mimi, baada ya kuufunga mtumbwi kwenye mzizi. Nyuma yangu nilimsikia Maalim akisema bismillahi. Yeye hakuweza kutambaa vizuri kwa sababu ya kikapu: mkono mmoja ulikishika juu ya kichwa, na mmoja ndio wa kutembelea. Nusu ya njia kuti lilikunjika, akaingia matopeni hadi kifuani. Kikapu kilibaki hewani.

"Chukueni kanzu!" akatuita. "Mimi niacheni, chukueni kanzu kwanza!"

Mama akarudi, akakipokea kile kikapu, akakitundika kwenye tawi. Halafu akalala kifudifudi juu ya makuti yake, akamshika Maalim chini ya kwapa, sisi tukamshika Mama miguu, tukavuta. Maalim alitoka kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Mama, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaza uso, akaachia kicheko kikamlaza palepale. Tulicheka sote wanne, tumelala katika makuti kama samaki waliotolewa wavuni, na ndege wakaruka kutoka mikokoni.

Tulifika nyumbani kwake saa tano imepita. Maalim aliogea nyuma ya jiko, ndoo baada ya ndoo, mimi nikiteka kisimani na kumpelekea. Kila ndoo niliyompa nilisema, "Nisamehe, Maalim," naye kila mara akajibu, "Maji mengine." Alipotoka na kanzu yake nyeupe pe na kofia, usingesema ni mtu yuleyule, ila tope lilikuwa limebaki ndani ya masikio. Mama alimsafisha kwa pembe ya leso, naye akaunyoosha uso kama mtoto mbele ya mamake.

Fundi akawasha pikipiki yake. Maalim akapanda nyuma, akakusanya kanzu isiguse mnyororo, wakapotea kwenye vumbi la machimbo.

Mimi nilibaki, kwa kuwa lazima mmoja angoje maji aurudishe mtumbwi. Nilikaa jikoni kwa Mama nikimkunia nazi. Alimkata tewa vipande, akamtia ukwaju, akasonga sima. Tulikula pamoja kwenye mkeka. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni alinitazama, akauliza, "Wako huyu?"

"Wangu."

"Mtamu," akasema. Sijapata kusifiwa hivyo kazini kwangu.

Kama saa nane Fundi alipiga simu. Walikuta watu wamemaliza kusali, wamekaa wanangoja, na baba wa bibi harusi amesimama mlangoni akitazama saa. Maalim alipoketi kufungisha, mzee mmoja wa karibu yake alinusa, akanusa tena, akauliza kwa sauti ya chini nini kinanuka mikoko. Basi Maalim akaona heri aseme. Akawasimulia wote mbele ya bwana harusi, tangu tewa mpaka makuti, na msikiti mzima ukacheka. Fundi alisema bwana harusi, aliyekuwa akiivua na kuivaa kofia yake, alitulia baada ya hapo na akajibu kwa sauti iliyosikika hadi nje. "Ndoa imefungwa," akasema Fundi, kisha nikasikia sauti ya Maalim kwa mbali ikimwambia mtu amletee pilau.

Jua lilipoanza kulegea tulirudi mtoni, mimi na Mama. Maji yalikuwa yamejaa kama kwamba hakikutokea kitu, na mtumbwi ulikuwa unaelea, umefungwa kwenye mzizi pale tulipouacha. Tulitembea majini hadi ukingo wa mikoko. Nilitaka kuingia peke yangu nimrudishie, lakini akanisogeza, akapanda nyuma, akashika kafi.

"Tangu mwenyewe alipoondoka sijaupanda," akasema.

Nikapanda mbele. Akapiga kafi mara moja, na mtumbwi ukateleza kimya, umenyooka, bila kuyumba hata kidogo. Mimi na wenzangu hatujawahi kuupeleka hivyo. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema walikuwa wakivua wawili, yeye na mumewe, miaka yote, na kwamba mumewe ndiye aliyekuwa akikaa mbele.

"Na kwa nini hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

Basi nikamuuliza. Nilimwambia kwamba sisi ni wageni tu katika maji yale, kwamba mtumbwi una nafasi ya wanne ikiwa Maalim atakaa katikati, na kwamba Jumapili ijayo tungependa aje. Aliugeuza mtumbwi, akatupitisha kwenye kijimkono kingine ambacho sikuwahi kukiona, akanyoosha kidole kuonyesha mahali mkondo unapogeuka, akaniambia chaa wakubwa hulala hapo maji yanapoanza kuingia. Halafu akanipa kafi nijaribu. Alinitazama nikipiga mara tatu au nne.

"Mbona wayagombeza maji?" akasema. "Polepole. Anza tena."