Mwanasesere wa Jicho Moja

Kiwandani kwetu tunashona wanasesere, na mimi ndiye mkaguzi. Sijisifu, lakini mwanasesere mwenye kasoro hanipiti. Ndivyo nilivyomkosea Mama Pamba.

Kazi yake ilikuwa kuwajaza pamba. Alasiri nyuzinyuzi za pamba zilielea kwenye mwanga wa dirisha, zikamtua kichwani, naye akijaza taratibu kama mtu aliye usingizini. Kabla ya kufunga mshono alimnong'oneza kila mwanasesere, "Karibu duniani." Mambo hayo aliyatoa kwenye katuni za Kijapani alizotazama na bintiye, ambamo kila kitu kina roho: mto, jiwe, hata mwavuli uliotupwa. Mimi mtu wa sala, nikamwambia anacheza na moto.

"Dada, namwomba Mungu yuleyule," alinijibu akicheka. "Kule najifunza adabu tu."

Bintiye alikuwa na miaka minane, na tangu wamzike baba yake, miezi kumi na mmoja, hakuwa ametamka neno. Nililijua hilo. Nisilolijua ni kwamba katika katuni moja waliona mwanasesere mwekundu wa duara: unaomba, unamtia jicho moja, ombi likijibiwa, unamtia la pili. Wakashona wa kwao, wakaomba, wakamtia jicho moja.

Siku mshono wa mwanasesere huyo ulipoachia, Mama Pamba alikuja naye kazini amshone. Nikamkuta mezani, chongo. Nikaguna, nikamshonea kifungo cheusi, uzi mara nne.

Mama Pamba aliporudi kutoka kula alimtazama, machozi yakamtoka. "Umefunga ombi langu, dada. Halijajibiwa."

Nikashika mkasi nifumue. Akanishika mkono. "Jicho halitolewi."

Nilijiona mchawi. Kazi ilipoisha nikamfuata hadi kwake, nimwombe mtoto radhi.

Tulimkuta kwenye mkeka, anachora. Nikampa mwanasesere wake, nikasema, "Mwanangu, nisamehe, kosa ni langu." Akakigusa kifungo kipya. Akakivuta, hakikutoka. Akakunja uso.

"Mama, mbona mmeweka la pili?" Sauti ilimkwaruza. "Mimi bado sijasema."

Mama yake alikuwa ameketi chini palepale mlangoni, viatu miguuni.