Doa la Kijivu Kwenye Jiwe la Mirihi

Saa mbili asubuhi, Mama Wasiwasi anavuta pazia, anazima taa na kusogeza pua hadi karibu iguse kioo cha kompyuta. Mbele yake kuna picha mbili za jiwe moja la sayari ya Mirihi, zilizopigwa na gari la utafiti lisilo na dereva. Juzi jiwe lilikuwa jekundu kama tofali. Kwenye picha ya jana lina doa la kijivu, upana wa kiganja.

"Wewe nawe umetoka wapi?" analiuliza doa.

Ndiyo kazi yake: kueleza kwa nini jiwe limebadilika rangi. Jina la utani alipewa na wenzake, na wala hana kinyongo. Mwanamke huyu haamini mtu, sembuse jiwe.

Ubishi huo aliupata gerejini kwa kaka yake, alikochanganya rangi za magari miaka sita huku akisomea miamba jioni. "Mteja anaapa rangi ya mlango haifanani na ya bodi," anasema. "Usibishane naye. Utoe mlango juani, saa ileile aliyouona, maana mwanga hudanganya."

Mwaka jana alijisahau. Aliandika kwamba mwamba umelowa, kumbe ni vumbi kwenye lenzi. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze." Tangu hapo amepitia mabadiliko 412 na kukubali tisa tu, yote mchanga uliohamishwa na upepo. Mkataba wake unaisha mwezi huu.

Mkuu wa kitengo anaingia, meno yote nje. Ofisi nzima inanong'ona kwamba doa hilo ni maji.

"Mama, weka saini tu kwenye ripoti. Tunatangaza saa sita."

"Haraka ya nini, mkubwa? Jiwe halina miguu."

"Ukituchelewesha bure, mkataba wako sitautetea."

"Na nikikosea, utautetea?"

Mkuu anavuta kiti, anakaa kusubiri.

Mama Wasiwasi anakagua kibao cha rangi kilichofungwa juu ya gari la utafiti. Kingebadilika nacho, kosa lingekuwa la mwanga. Kiko vilevile. Saa za picha zinalingana. Lenzi safi. Lo, isije ikawa kweli!

Kisha anafungua picha ya kamera ya nyuma, ambayo hakuna aliyejisumbua kuitazama. Alama ya gurudumu inapita mchangani, inapanda juu ya jiwe, inashukia upande wa pili.

"Mwizi huyu hapa!" anapiga meza. "Ni sisi wenyewe. Tumelipangusa jiwe vumbi, halafu tunaishangaa rangi yake."

Mkuu anainama kuitazama picha, kisha anatoa simu kuahirisha tangazo. Akiwa mlangoni anageuka. "Mkataba wako tutazungumza."

"Tutazungumza?" Mama Wasiwasi anamsindikiza kwa jicho. "Neno hilo nalo silipendi."

Anatumaini nini, basi? Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kutazama kioo.

"Siku moja nikose wa kumshuku," anasema. "Nikague jua, vumbi, lenzi na gurudumu, wote niwamalize, na doa bado liko palepale. Siku hiyo nitasaini bila kuombwa, na nitalia kama mtoto."

Anafungua picha inayofuata.