Mabwana wa Gazetini

Baba alisoma gazeti kwa kidole. Alikipitisha polepole juu ya mstari, na kilipofika kwenye neno "Bwana" kikasimama kidogo. Miaka ile ya hamsini gazeti lilijaa mabwana. Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, amefungua daraja, Bwana Shamba amewaonya wakulima, Bwana Afya amekagua vyoo, Bwana Miti amekataza watu kuchoma moto. Aliyetaka kumgombeza mhariri alianza na "Bwana Mhariri", kisha ndipo akammwagia ya moyoni. Hata kwenye vifo, fulani ameitwa na Bwana, na hapo ulijua ni yule wa mbinguni.

Mimi nilikuwa mtoto wa kike mdadisi kupita kiasi. Nikamwuliza, "Baba, na wewe ni bwana gani?"

Mama akadakia kutoka jikoni, "Ni bwana wangu mimi. Inatosha!"

Tulicheka, ila baba alitabasamu tu. Alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja pale Mbeya, tulikohamia kutoka Ipogolo kule Iringa. Mvi zilishaanza kichwani, lakini kazini aliitwa boi. Mtoto wa yule Mzungu, rika langu kabisa, naye alimwita boi. Iliniuma sana, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma. Baba hakulalamika. Mara moja tu alituambia kwamba kabla hajafa angependa kuona jina lake limechapwa gazetini, na "Bwana" mbele yake.

Jumapili alasiri, baada ya ibada, alifundisha watu wazima kusoma katika jengo la kanisa letu. Walikuja vibarua, wafagiaji, akina mama na watoto mgongoni, mama yangu akiwa mmojawao, na mzee mmoja wa Kisafwa aliyekuwa akichota maji ya hoteli. Siku moja akapita mwalimu kutoka Iringa aliyekuwa akiliandikia gazeti habari za huku kwetu. Aliketi benchi la nyuma, akauliza majina ya watu wote, akaandika, akaenda zake na basi.

Tukaanza kungoja. Gazeti lilitufikia limechelewa, limeshapita mikono ya nusu ya mtaa. Kila lilipokuja, baba alinawa mikono kwanza ndipo akalifungua. Mara matokeo ya mpira, mara chanjo ya ng'ombe, sisi hatumo. Mama akasema yule mwalimu labda alizipeleka habari zetu Ulaya. Nilimwonea baba huruma, nikalichukia gazeti zima pamoja na mabwana wake wote.

Halafu tukawemo. "Bwana", kisha jina la baba, wino mweusi tii, anafundisha watu kusoma huko Mbeya. Mama alipiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika uani. Mimi niliruka mpaka nikapoteza kiatu. Baba alisoma tena, kidole kikashuka mstari wa pili, wa tatu, na furaha ikapungua usoni. Wanafunzi wake walikuwa wametajwa wote, lakini majina matupu.

"Mbona hawa wameachwa hivi?"

"Baba watoto, si ufurahi kwanza?" mama akasema.

"Nimefurahi, mama watoto. Nimefurahi sana. Sasa hii nitawasomeaje?"

Jumapili iliyofuata aliingia darasani na gazeti mkononi. Akawasomea habari ile, na kila alipofika kwenye jina akatanguliza Bwana au Bibi, kana kwamba ndivyo ilivyochapwa. Aliyetajwa alisimama. Wafagiaji walisimama wakichekacheka kwa haya. Mama, kuitwa Bibi na mumewe mbele za watu, alijifunika uso kwa khanga. Nami nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote.

Akafika kwa mzee mchota maji. "Bwana," akasema, akataja jina lake.

Hakuna aliyesimama. Baba akarudia. Mzee akageuka kutazama mlangoni, aone ni bwana gani aliyeingia. Hapakuwa na mtu.

"Ni wewe, Bwana," baba akamwambia.

Mzee alivua kofia akaiweka kwenye benchi. Akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, watu wote wakimngoja. Kisha akasimama.

"Mimi niko," akasema.