Majina Niliyoyafuta Kwenye Programu ya Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini, Kawangware, Mkuu wa Waandishi wa Programu hakuniuliza nilisomea wapi. Alinipa msimbo, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, akasema, "Hii tumetoa kwa mtandao, watu wameiweka bure. Soma uniambie inafanya nini." Niliipenda kazi papo hapo. Mama yangu kule Kitui aliniita mpekuzi, na hakuwa akinisifu.

Bando la intaneti lilikuwa ghali, kwa hivyo sisi mafundi tulipeana msimbo kwa flashi. Kabla ya kunakili nilifuta kila faili nililoona halina kazi. La leseni, lenye majina ya waandishi na masharti yao, lilikuwa la kwanza kwenda. Nilijiona mwerevu kweli.

Baadaye nikahamishiwa ofisi yetu ya mtaa wa Olympic, Kibera. Mkurugenzi wa huko alikuwa ameandika kwa miaka mitatu programu ya kukadiria dozi za watoto, siri aliyoilinda kama mboni ya jicho. Nikaiunganisha na ule msimbo wa bure, ambao ulijua kuchapisha ripoti. Tukaiuzia zahanati moja ya Lindi, hapo hapo Kibera.

Siku moja, kwa udadisi tu, niliitafuta mtandaoni leseni niliyoifuta. Ilisema ukichanganya msimbo huu na wako, kisha ukampa mtu mwingine, ana haki ya kupata msimbo wote, na wako ukiwemo, na kuwagawia wengine. Kama tungeutumia ofisini kwetu tu, hakungekuwa na neno. Nikaenda kumwambia Mkurugenzi.

"Si ulisema ni ya bure?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ni ya bure, boss, lakini iko na masharti. Ni mimi nilifuta."

"Na tukitoa hicho kipande?"

"Zenye tutauza mbele zitakuwa sawa. Ya Lindi tulishapeana."

"Tukinyamaza, nani atajua?"

"Mimi na wewe."

Alinikasirikia mchana kutwa. Kisha akaisoma leseni mwenyewe, akaanza kuniuliza maswali. Wiki hiyo alipeleka msimbo wote Lindi, siri yake ikiwa ndani, na majina ya wenyewe tukayarudisha. Chini yao aliandika lake, akauliza kama aongeze langu. Nikasema aongeze.

Sasa nimestaafu. Programu ile imefika kwa watu nisiowajua, nami hufungua nakala zao nikitafuta jina langu. Juzi nilifungua moja, sikuona jina hata moja. Niliumia, jamani, karibu nilie. Nilimwandikia aliyeyafuta, kwa upole, nikamwomba ayarudishe yote. Nilimwandikia majina moja moja, langu nikaliweka mwisho.