Tumbo Jeupe la Sufuria Jekundu

Mama mkubwa, yaani dada yake mama yangu, huita kila kitu shaba. Sinia la manjano ni shaba, dele la kahawa ni shaba, kinu cha kutwangia hiliki ni shaba, na lile sufuria kubwa la kupikia shughuli, ambalo hubebwa na watu wazima wawili, nalo ni shaba. Siku nne kabla ya harusi ya binti yake wa mwisho alivitoa vyote stoo, akavipanga juu ya jamvi uani kwake Chokocho, akaniambia, "Haya msomi, kazi yako hiyo. Nataka vimetemete Jumapili."

Nilikuwa nimemaliza shahada ya kemia mwaka uliotangulia na nimerudi Pemba kusubiri majibu ya maombi ya kazi. Mtu anayesubiri huwa na akili nyingi zisizo na pa kwenda. Nilikuwa nikisoma barua pepe moja mara sita kutafuta neno lililomwudhi mwajiri. Kwa hiyo nilipopewa kazi yenye mwanzo na mwisho, na iliyoonekana kwa macho, niliipokea kwa bidii kupita kiasi.

Vifaa vilikuwa vile vya siku zote: ukwaju uliorowekwa, majivu, mchanga laini, na kumbi la nazi la kusugulia. Nilianza na dele. Karibu na mdomo wake palikuwa na madoa mekundu, kama mtu aliyebabuka. Mama mkubwa akasema madoa hayo yalitokea mwaka ambao alilipaka ukwaju, akaitwa msibani, akalisahau hadi kesho yake.

"Nimelisugua tangu hapo, halitoki," alisema.

"Halitatoka, mama mkubwa. Hilo si doa. Dele hili ni shaba iliyochanganywa na zinki, ndiyo maana ni la manjano. Ukwaju ukikaa sana huila zinki, shaba ikabaki peke yake. Huo wekundu ndiyo shaba yenyewe."

Alilitazama dele, akanitazama mimi. "Kumbe."

Sikuwa nimelisikia neno hilo likielekezwa kwangu kwa muda mrefu. Likanilevya kidogo. Nikachukua kinu cha hiliki, nikakigonga kwa mchi wake. Kililia, na mlio ukakaa hewani. Nikaligonga sinia: lilitoa sauti kali, ikakatika. Nikaligonga sufuria: du, basi.

"Unasikia? Sufuria ni shaba tupu. Ni laini, haina mlio, lakini hakuna kinachoshika moto upesi kama hiyo. Sinia lina zinki. Kinu nadhani kina bati ndani yake. Shaba ikiyeyushwa pamoja na bati huwa ngumu na hulia kama kengele. Chuoni tuliiita bronzi."

"Bati hili?" Aliinua kidole kwenye paa.

"La, la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni madini meupe, laini."

Binamu yangu, bi harusi mwenyewe, alikuwa amekaa kizingitini na liwa usoni, kwa kuwa alikuwa amefungiwa asipigwe na jua. Alicheka bila kufungua mdomo, liwa lisipasuke. "Mwacheni asugue. Jumapili atatuambia na biriani limechanganywa na nini."

Nilizimaliza shaba za manjano siku hiyo ya Jumatano. Alhamisi nikaingia ndani ya sufuria. Naam, niliingia: kichwa na mabega, mtandio nimeufunga kiunoni, miguu nje. Nje lilikuwa jekundu lililofifia, ila ndani lilikuwa na utando wa kijivu cheupe, umekoza mahali na kuchakaa mahali, na pale ulipochakaa wekundu ulichungulia. Nikaona uchafu. Nikaona masizi, mafuta yaliyogandamana, chumvi, miaka mingi ya watu kutosugua vizuri. Niliwaza, hakika niliwaza hivyo, kwamba wanawake wa nyumba hii hawakuwahi kuwa na subira ya kufika chini.

Mimi nilikuwa nayo. Nilisugua kwa mchanga na ukwaju asubuhi nzima hadi adhuhuri. Utando ulikuwa mwembamba na mzee, uliondoka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa. Maji niliyoyamwaga yalikuwa ya kijivu. Nilipotoka, sufuria lilikuwa na rangi moja ndani na nje, nyekundu ya kupendeza, na mimi mikono imebabuka hadi kwenye viwiko.

Nililikausha kwa kanga mbovu, nikapitisha kidole pembeni kuhakikisha. Hapo chini ya mdomo kidole kikakuta mstari. Utando ulikuwa umebaki hapo kama uzi, umezunguka sufuria lote, umenyooka. Kando ya ribiti inayoshikilia mkono mmoja wa sufuria palikuwa na tone dogo jeupe lililoganda, umbo la chozi. Nikalikwaruza kwa ukucha. Likachubuka, likang'aa.

Uchafu haunyooki. Uchafu haudondoki tone likaganda likabaki linang'aa ndani. Mstari ule uliwekwa na mkono wa fundi, na kile kilichokuwa ndani kilikuwa bati.

Nilikaa chini. Sote tuliosoma kemia tuliandika katika mtihani kwamba shaba inaathiriwa na vitu vichachu, na kwamba chombo cha shaba cha kupikia hufunikwa ndani kwa bati. Niliiandika sentensi hiyo mwenyewe na nikapata alama. Siku moja tu nyuma nilikuwa nimelisifia bati mbele ya mama mkubwa, namna lilivyojificha ndani ya kinu. Na nilipokutana nalo uso kwa uso, limepakwa juu ya shaba badala ya kuyeyushwa nayo, nililiita uchafu.

Biriani huwekwa mtindi, nyanya, ambazo sisi huziita tungule, na ndimu. Vitu vyote vichachu, na nyama hukaa humo saa nyingi.

Mtu mwingine angekwenda kusema papo hapo. Mimi nilianza kupima. Labda kwa saa chache si kitu. Labda watatapika watu wawili, na mmoja awe mkwe. Labda hakuna atakayedhurika, nami nitakuwa nimelivunja jambo bure. Nilimjua mama mkubwa na sufuria lile. Mashamba ya mikarafuu ya babu yake yaligawanywa, yakagawanywa tena, mpaka hakuna aliyebaki na zaidi ya kivuli. Sufuria halikugawanyika. Lilipikiwa harusi ya mama yake, yake, na za mabinti zake wote, na kila aliyealikwa aliuliza mapema, "Litapikwa biriani la sufuria lenu?" Kwake yeye, harusi bila sufuria lile ilikuwa kama nyumba isiyo na mlango wa mbele.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa fundi redio. Nilimwuliza, kana kwamba naulizia jambo la mtu mwingine, kama angeweza kupaka bati ndani ya chombo.

"Kubwa kiasi gani?"

Nilifungua mikono. Akacheka. "Hilo si chombo, hilo dau." Kisha akachukua kigurudumu cha waya wake wa kulehemea. "Lakini tukiwa na moto wa kutosha, hii inayeyuka, inatambaa, inang'aa kama fedha. Hakuna atakayejua."

Nikasoma maandishi madogo ubavuni. Bati, na karibu nusu yake madini ya risasi.

Nakiri kwamba niliushika ule waya kwa muda. Ungetia weupe ndani ya sufuria, mstari ungekutana na mstari, na mama mkubwa asingetambua. Risasi haina ladha, wala haimwumizi mtu siku hiyohiyo. Huingia mwilini ikakaa. Nilimrudishia.

"Hii ni sumu kwenye chakula."

"Basi kapikeni kwenye ndoo," alisema, akarudi kwenye redio yake.

Nilimkuta mama mkubwa akichambua mchele. Nikamwambia yote kwa mkupuo, bati, sentensi ya mtihani, ukwaju, mtindi, waya, mpaka akaniwekea mkono gotini ninyamaze. Alinyanyuka, akaenda kwenye sufuria, akainama, akapitisha kiganja ndani polepole, kama mtu anayempapasa mgonjwa tumbo.

"Mama alikuwa akituambia, lisugueni mgongo, tumbo mliache," alisema. "Sikukwambia. Nilidhani mtu aliyesoma hilo analijua."

"Nilikuwa nalijua."

"Ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua, ila sikulitambua."

Nilitaka anigombeze. Kugombezwa kuna kikomo, mtu huona pa kusimama. Alirudi kwenye mchele, akaokota chuya tatu, nne.

"Watu wakiniuliza nitawambia nini?"

"Waambie ni mimi."

"Nikikusema weye, si nimejisema miye? Nani kakuweka umo?" Akaupepeta ungo kwa nguvu. "Na ukiwacha tu? Tukapika kama siku zote?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa sijui. Sikujua ni shaba kiasi gani ingeingia kwenye mchuzi. Mwaka mzima nilikuwa nimejizoeza kutosema lolote kabla ya kuwa na uhakika, na sikuwahi kuwa na uhakika.

"Mimi sitakula," nikasema. "Na sitamwacha binamu yangu ale."

Alinitazama. Kisha akaendelea kuchambua, na hakulitaja tena siku ile wala Jumamosi. Sikujua ameamua nini. Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili asubuhi mpishi wa shughuli alifika na vijana wake na miiko mirefu kama makasia. Ni mzee mwenye sauti, na tangu nina akili ndiye anayepika harusi za kwetu. Alipiga hodi, akasalimia, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria huku anakunja mikono ya kanzu.

"Shikeni kule, tulitie mekoni."

"Leo hilo la maji," alisema mama mkubwa kutoka ukumbini.

Mpishi alisimama. "La maji gani, Bi mkubwa?"

"Maji ya watu kunawa. Nyama utaipika kwenye yale ya alumini, nimeazima matatu."

"Mimi?" Aligeuka kwa vijana wake awe na mashahidi. "Mimi nipike biriani la nyumba hii kwenye alumini, kama uji wa skuli? Nimekukosa nini?"

Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu wakaweka visu chini. Mama mkubwa alisimama mlangoni, mtandio mkononi, na nikaona midomo yake ikitafuta neno ambalo halingemwangusha. Nilijua atasema limetoboka. Uongo huo ungetosha. Lakini ungekuwa uongo wake, juu ya chombo chake.

"Mzee, ni mimi," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Nimelitoa bati lote ndani. Nilidhani uchafu. Mtindi na tungule vitaila shaba na watu watadhurika."

Mpishi aliinamisha kichwa ndani ya sufuria. Kicheko chake kilitokea humo kikubwa kuliko yeye.

"Lahaula! Njooni muone! Yuno kalichuna mpaka nyama!" Alitoa kichwa. "Umesomea nini weye?"

"Kemia."

"Ungesomea usingizi, sote tungekuwa salama." Uani kote wakacheka, na bi harusi huko ndani akacheka kwa sauti kuliko wote. Kisha mpishi akapangusa macho, akawageukia vijana, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Leteni hayo ya alumini. Shaba kavu haipikiwi kichachu. Marehemu baba alinipiga kibao kwa hilo."

Sufuria jekundu likatiwa maji, likawekwa jiko la pembeni, nami nikakaa nalo na kata mkononi. Maji yalichemka upesi mno. Nyuso zetu zilionekana ndani yake, nyekundu. Wageni waliokuja kunawa walilisifia lilivyong'aa, na kila sifa ilinichoma.

Adhuhuri wageni walipokaa vyumbani kula, bibi mmoja wa ukoo wa bwana harusi, aliyetoka mbali kaskazini, alimshika mama mkubwa mkono. "Hili ndilo la lile sufuria lenu? Maana nimelifuata hilo."

Nilikuwa nimesimama na kata na beseni la kunawia. Mama mkubwa hakunitazama.

"La, bibi. Ni la alumini. Lile tumbo lake limekwisha bati, sikuthubutu kukulisheni."

Bibi alitafuna kwanza. Akameza. "Umefanya vyema," alisema, akachota tonge jingine. "Kwetu Msuka yupo mzee bado anatia bati. Anaona kwa jicho moja, lakini mkono wake mzima. Mpelekee upesi, hana mwanafunzi."

Mama mkubwa alishukuru. Alipopita karibu yangu kwenda kuita sinia la pili, alisimama kidogo, akanitengeneza mtandio uliokuwa umeanguka begani.

"Msuka ni kesho," alisema. "Nitakwenda nawe, na utakaa pale pale karibu na moto uone linavyotiwa. Usije ukaniandikia tena kitu ambacho hujakiona."

"Sawa, mama mkubwa."

"Na mkono wa nyuma wa sufuria utaushika weye. Ndo mzito."