Machungwa, Viberiti, Kisha Mama

Mimi ndiye niliyepeleka kitambulisho cha mama. Aliaga dunia Jumanne, na Alhamisi nikaenda kuchukua kibali cha mazishi. Karani akaniambia kitambulisho cha marehemu kinabaki pale, ndiyo sheria. Nikampa. Sikutoa hata kopi, na mashine ya kopi ilikuwa hapo nje tu, chini ya mwavuli. Nilitia kibali mfukoni nikaenda zangu kutafuta gari la kubeba jeneza.

Picha ya kwenye kile kitambulisho ndiyo ilikuwa picha yake ya pekee. Kwenye kila harusi na kila ubatizo, watu wakipangwa mbele ya kamera, mama alikuwa jikoni na wenzake, anaangalia wali usiungue. Simu zetu siku hizo zilikuwa za kupiga na kupokea tu. Tulipekua albamu za ukoo mzima, tukapata kiwiko chake kimoja na mgongo. Programu ya mazishi ikachapishwa na picha ya msalaba. Dada yangu, mkubwa wangu, na tumezaliwa wawili tu, aliishika ile programu akanitazama.

"Mama yetu umemwacha na karani," akasema.

Tangu siku hiyo akaacha kunipigia simu. Nami sikulia. Nilirudi ofisini mjini kugonga mihuri kwenye barua za watu. Mwili ulifika kazini kila siku, moyo ulikuwa umekufa ganzi. Siku moja nikaona tangazo kwenye mlango wa duka la dawa pale mtaa wa Hurlingham: mafunzo ya kuchora kwa watu wazima, ghorofa ya kwanza, kila Jumamosi. Nikawaza, uso wa mama ninao kichwani, kinachokosekana ni mkono wa kuuchora tu. Nitauchora nimpelekee dada.

Mwalimu alikuwa mama mstaafu, mkali, wa kuvaa sweta hata jua likiwaka. Siku ya kwanza nikatoa rula. Mimi ni mtoto wa shule za hapa bwana, tangu darasa la kwanza mstari wa pambizo ni wa rula, na asiye na rula anachapwa. Akaichukua akaitia kwenye mkoba wake, na sikurudishiwa. Akaweka nukta mbili kwenye karatasi, akaniambia nipitishe mkono hewani kwanza, mara mbili tatu, utoke begani na si kwenye kifundo, kisha niunganishe bila kusita. Mstari wangu ulitetemeka kama wa mtoto wa nasari. Akaniambia nijaze ukurasa.

Nilimweleza kwamba mimi nataka uso wa mtu, mistari sina haja nayo. Akasema uso ni chungwa lililokaa juu ya kopo, na mimi hata chungwa bado. Ningekuwa mzima ningekasirika. Nikajaza ukurasa.

Nilichora kwenye magazeti ya jana, ofisini, saa ya chakula cha mchana. Machungwa yangu yalikuwa na tumbo upande mmoja. Kisanduku cha kiberiti kilinishinda wiki tatu nzima, ile mistari ya pembeni ikitawanyika badala ya kukaribiana kadiri inavyokwenda nyuma. Wenzangu wakaanza kuniita injinia, nikacheka nao kwa mdomo tu. Sitadanganya ati ile kazi ilinituliza. Haikunifanya chochote, na mimi wakati ule sikutaka kufanywa chochote.

Mwezi wa tano wa mafunzo mkono ukatii. Nilipiga duara mara moja, likafunga vizuri, bila tumbo. Mwalimu akaliangalia.

"Sasa chora aliyekuleta," akasema.

Nilimchora mama kwa Jumamosi mbili. Chungwa, kopo la shingo, kitambaa cha kichwa, macho, pua. Mistari ilikuwa safi kabisa, na kusema kweli niliringa kidogo. Nikampigia dada. Akakubali shingo upande kukutana nami kwenye maduka ya Adams Arcade, katika mkahawa wa chai.

Aliitazama ile karatasi mpaka chai yake ikafanya utando. Akasema huyu si mama. Pua si hiyo, na macho nimeyapandisha mno. Nikampa penseli na kifutio, nikamwambia basi arekebishe yeye. Akafuta pua yote. Akafuta na macho. Kisha akashika penseli juu ya karatasi, na haikushuka.

"Kwani mama alikuwa anakaa aje?" akaniuliza.

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kweli sura ya mama ilikuwaje, na sauti imempungua. Nikautafuta ule uso kichwani, nikakuta nami sinao. Miezi yote ile ya kununiwa nilijipa moyo kwamba mtu mwenye hasira kiasi hicho lazima uso anao, kwamba ukinipotea mimi, yeye anao. Dada akaniwekea mkono begani, akasema basi, yaishe, halikuwa kosa langu. Nilitamani aendelee kunikasirikia.