Waliingoja Posa

Kosa lilianzia kwenye simu. Nilimwambia mama, "Jumamosi nakuja, nina jambo nataka niwaambie wewe na baba pamoja." Binti wa umri wangu, mwalimu anayejitegemea huko Sindeni, wilaya ya Handeni, akitamka maneno hayo kwa wazazi wake Ngombezi, maana yake huwa moja tu. Mama hakuuliza ni jambo gani. Alicheka kidogo, akasema, "Karibu, mwanangu, tutakuwepo," akakata simu haraka mno.

Niliposhuka kwenye bodaboda nikakuta uwanja umefagiliwa na viti vya plastiki vya kuazima vimepangwa kivulini. Baba yangu, mzee wa kanisa na mstaafu wa kiwanda cha mkonge, alikuwa amevaa koti la Krismasi katika joto lile la Korogwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikuwa anachungulia barabarani, nyuma yangu. "Wenzako wako njiani?"

"Wenzangu gani, baba?"

Mama alitoka jikoni akinukia pilau. Akanitazama, akaitazama barabara tupu, akavuta kiti akakaa.

Ningeweza kula kwanza. Watu wenye busara hula kwanza. Mimi nina kichwa kigumu, lakini nilijua kwamba nikionja tu ule wali nitaahirisha tena, kama nilivyoahirisha Pasaka. Nikakaa kwenye kiti kilichowekwa kwa ajili ya mkwe, nikasema, "Nimeamua kusilimu."

Baba hakushtuka, na hilo ndilo lililonishangaza. Alivua koti, akalilaza mapajani, akaanza kupatana.

"Kwa hiyo kijana ni Mwislamu. Sawa, si wa kwanza. Mwambie aje tuzungumze. Kwani yeye hawezi kuja upande wetu?"

"Baba, hakuna kijana."

"Usimfiche. Shangazi yako aliolewa na Mwislamu, akasilimu, na harusini nilikula na kucheza. Mimi si mtu mbaya."

"Najua si mtu mbaya. Lakini hakuna mwanaume. Ni mimi mwenyewe."

Alilikunja koti mapajani. "Shangazi yako alimfuata mume," akasema. "Wewe unatukimbia sisi."

Iliniuma sana. Ngombezi ni mahali ambapo tangu enzi za babu zetu waliokuja kukata mkonge, dini mbili zimelala ukuta kwa ukuta kwenye nyumba za kambi. Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu, na kuku wa sikukuu tunampeleka kwa jirani Mwislamu amchinje ili pasiwe na mtu wa kukataa sahani. Kubadili dini kwa ajili ya ndoa kuna njia yake na kila mtu anaijua. Kubadili peke yako hakuna aliyekuandalia njia. Baba alihitaji mtu wa kumkasirikia, nami sikuwa na mtu wa kumpa.

Nikawaeleza. Sikuota ndoto wala sikusikia sauti. Nilikuwa nimesoma, nimeuliza, nimefunga Ramadhani kimyakimya, na nikisujudu chumbani kwangu nilitulia kuliko nilivyowahi kutulia popote. "Nawapenda," nikasema, "na sitabadili uamuzi." 

Baba akanyanyuka akaingia ndani. Hakuubamiza mlango. Ningepata nafuu kama angeubamiza.

Mama alikuwa amebaki kitini. Alikuwa anauviringisha upindo wa kanga kidoleni.

"Ninyi huwa mnazika siku hiyo hiyo," akasema.

Tayari nilikuwa "ninyi". "Ndiyo, mama."

"Na wanawake hawaendi makaburini."

"Kwa kawaida hawaendi."

"Kwa hiyo ukifa huko Handeni, nitafika nikute umeshafukiwa. Na hata nikiwahi, nitaachwa ndani na wanawake. Mwanangu mwenyewe sitamtupia udongo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa Biblia, kwa mchungaji, kwa maneno ya wanakwaya wenzangu. Hili sikuwa nimejiandaa nalo hata kidogo. Ningeweza kumwambia kwamba watamsubiri, kwamba watamruhusu, na angejitahidi kuniamini. Lakini sikutaka kuianza dini yangu kwa kumdanganya mama.

"Ni kweli," nikasema. "Itakuwa hivyo."

"Na bado unakwenda?"

Nilikuwa nalia waziwazi. "Bado nakwenda, mama."

Akatikisa kichwa. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika uso kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, karibu kuniumiza.

"Basi nisikilize," akasema. "Silimu. Lakini usinitangulie."